Nyuzi Tatu za Kulegeza

Alhamisi, 3 Machi 1966

Kosa la wengi: wanalazimisha wimbo uingie kwenye gitaa. Wanapanga nyuzi kama walivyofundishwa, mi la re sol si mi, kisha wanaitafuta bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, kwa vidole. Haiji, au inakuja nusu. Uanze na sauti unayoitaka, ndipo ukaze au ulegeze. Nami nilikosea hivyo hivyo mpaka Burma, nilipokuwa jeshini kwenye simu za upepo, yaani redio. Dereva mmoja wa lori, Mmarekani mweusi, alilegeza nyuzi nne mbele ya macho yangu, akatelezesha mgongo wa kisu juu yake. Gitaa likalia kama mtu.

Leo kama kila siku. Alasiri, chai, gitaa uani, ndani kabla ya kafyu, maana vita vya mpakani havijaisha. Nilipanga kama yule Mmarekani: re la re, fa iliyopandishwa nusu, la, re. Tamu. Tamu mno kwa Garissa ya sasa.

Jumamosi, 5 Machi

Nina msikilizaji. Amechuchumaa nje ya ua, fimbo mabegani. Ni Dubow, mfugaji aliyekuwa akilisha ngamia mpaka upande wa Hadado. Yeye na mkewe Habiba wamepanga chumba kwa jirani yangu tangu ngamia wao walipokusanywa na askari. Kumi na mmoja. Sasa wamo katika zizi kubwa nje ya mji pamoja na mamia ya wengine.

Nilimsalimia. Akanigusa mkono, akaonyesha koo lake. Hana sauti. Habiba anasema ni donda, tangu kiangazi kilipoanza.

Jumanne, 8 Machi

Habari ya mji mzima. Wazee wamekubaliana na afisa wa mifugo: kila mwenye ngamia atasimama langoni mwa zizi awaite. Watakaomjia ataondoka nao. Watakaobaki watapigwa mnada.

Nieleze, hata kama najieleza mwenyewe. Alama ya moto kwenye ngozi haisaidii, kwa sababu ni ya ukoo mzima. Lakini Msomali hunywesha ngamia kwa kuimba, na kila mwenye kundi ana wimbo wake kisimani. Ngamia aliyekulia wimbo huo huinua kichwa akiusikia. Nimefundisha shule hapa miaka kumi na minane hadi nikastaafu, nimeliona jambo hili mara nyingi, na bado linanishangaza.

Zamu ya Dubow ni Alhamisi tarehe 24. Hana sauti. Hana mtoto wa kiume. Mpwa aliyekuwa akimsaidia amevuka mpaka. Habiba hawezi kuita. Kwao mwanamke hanyweshi ngamia, na ngamia hawamjui.

"Wasipokuja, Maalim, tutakuwa watu wa kungoja unga wa serikali," alisema. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Nikasema gitaa liwaite. Habiba alicheka mpaka akashika ua.

Jumatano, 9 Machi

Dubow hakucheka. Amekuja alasiri na kigoda chake.

Tumepata njia. Napiga sauti moja. Akiinua kiganja, nipande. Akikishusha, nishuke. Akifumba macho, ndiyo hiyo. Kazi ya punje kwa punje. Anapochoka, Habiba anaguna wimbo kutoka chumbani, polepole, kwa aibu, na kutuonya tusimwambie mtu.

Nilipogusa uzi wa tatu, ile fa ya yule Mmarekani, Dubow alitema mate mchangani. Sikuudhika. Alikuwa na haki.

Jumamosi, 12 Machi

Uzi wa tatu nimeurudisha kwenye sol. Tofauti ni nusu hatua tu, lakini ile fa inamwambia msikilizaji kwamba mambo yameshatengemaa. Sol haimwambii kitu. Haifurahi, haihuzuniki, inangoja.

Nilipiga nyuzi zote sita wazi. Vinyweleo vya mikono vilinisimama.

Jumanne, 15 Machi

Siku tatu tumekwama. Mwisho wa kila mstari wimbo unashuka chini ya re, na uzi wangu wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, haufiki. Niliogopa kuulegeza zaidi. Uzi uliolegea hupiga chuma cha shingo na kukwaruza, na maisha yangu yote nimewakataza wanafunzi mkwaruzo huo.

Leo nikaulegeza hadi do. Ukakwaruza vibaya.

Dubow akafumbua macho. Habiba akatoka chumbani mbio, unga mikononi.

"Wallahi ni yeye! Hata mafua yake yamo humo!"

Kumbe Dubow aliimba hivyo. Kwa sauti ya kukwaruza, kama kamba juu ya gogo la kisima. Nilichokuwa nikikiogopa ndicho tulichokuwa tukikitafuta.

Niandike nisije nikasahau, kuanzia uzi mnene: re la re sol la do. Wa sita, wa pili na wa kwanza zimelegezwa. Wa tano, wa nne na wa tatu ni kama kawaida. Basi.

Walipoondoka nikapiga bluzi ya Burma kwa nyuzi hizo hizo, bila kugusa kitu. Ikakaa. Si kwamba ilikaribia. Ilikaa. Yule dereva hakuwahi kuona ngamia, na Dubow hajui Amerika iko upande gani. Nimebaki na gitaa mapajani, kinywa wazi. Nimesoma, nimefundisha, na sina maelezo.

Jumamosi, 19 Machi

Siku mbaya.

Nilikwenda ofisini kuomba ruhusa. Afisa ni mtu wa bara, si mkali.

"Sasa, Mwalimu, hiyo ni kuita ngamia ama ni densi?"

Alikubali, ila wazee wakubali kwanza. Wazee wakagawanyika. Mmoja alisema chombo cha baa hakitaita mali ya Mwislamu. Mwingine, na huyu ndiye aliyeniumiza kwa sababu alisema kweli, aliuliza: "Akiita Maalim, ngamia ni wa Maalim?"

Uamuzi wao: mwenye mali aite kwa mkono wake mwenyewe. Mimi naruhusiwa kulishika gitaa. Kisu atashika Dubow.

Mkono wake haujawahi kugusa gitaa. Zimebaki siku tano. Naogopa. Nimejuta kufungua mdomo.

Jumanne, 22 Machi

Gitaa limelala mapajani mwangu, mimi natekenya nyuzi kwa mkono wa kulia, yeye ameketi kushoto kwangu anatelezesha kisu. Watu wawili, gitaa moja. Siku ya kwanza ilikuwa kelele tupu.

Jana nikagundua kosa langu. Nilikuwa nikimhesabia moja mbili tatu nne, kishule. Yeye anahesabu kwa mivuto ya kamba ya kisima: vuta, vuta, pumzika, mwaga. Nikaacha kuhesabu, nikamfuata. Ikawa.

Mkono wake hautetemeki. Kiganja kigumu kama soli, na juu ya nyuzi ni mwepesi kama unyoya. Kwa siku tatu amenipita mimi wa miaka ishirini na zaidi. Nimeona wivu. Kisha wivu ukaisha, nikabaki kumsikiliza tu.

Alhamisi, 24 Machi

Tulifika saa mbili asubuhi. Vumbi, milio ya ngamia kila upande, watu wamejaa. Askari wa lango alipoona gitaa: "Mzee, tupigie twist!" Wenzake wakacheka. Habiba akamjibu kwa Kiswahili chake: "Wewe ngoja. Ngamia habana cheka, wewe nacheka nini?"

Tukaketi chini langoni. Mstari wa kwanza. Hakuna. Wa pili. Hakuna, na nilijua sababu: nilikuwa nakimbia. Dubow alinibana goti kwa kiwiko. Nikapumua. Vuta, vuta, pumzika, mwaga.

Mstari wa tatu, katikati ya mamia yale, shingo moja ikainuka. Ngamia jike, mzee, sikio limepasuka. Aligeuza kichwa, akasikiliza. Mkwaruzo wa uzi wa kwanza ulipofika mwisho wa mstari, akaanza kutembea. Akawasukuma wengine kwa kifua, bila haraka. Nyuma yake mwingine. Kisha wawili pamoja.

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia kisu juu ya nyuzi na nyayo, basi.

Walikuja wanane. Yule jike mzee alishusha kichwa mpaka pua ikagusa kisu. Dubow aliendelea kupiga huku machozi yakimtoka, na mimi siwezi kumcheka, kwa sababu nilikuwa sioni nyuzi.

Watatu hawakuja. Tulipiga wimbo wote mara mbili zaidi.

Afisa alivua kofia. Akamwambia karani wake, "Andika wanane." Yule mzee wa chombo cha baa alikuja kunishika mkono.

Jumapili, 27 Machi

Dubow na Habiba wameondoka alfajiri na ngamia wanane, wana kibali cha malisho karibu na mto. Ua kimya. Habiba ameniachia kibuyu cha maziwa.

Kabla hawajaondoka Dubow alichora mchangani mistari mitatu, akaifuta, akanitazama. Nilielewa. Afisa amesema ngamia wengine walipelekwa kwenye zizi la pili, upande wa kaskazini, na huko wanakubali maombi kwa barua.

Nimekunywa maziwa. Sijagusa gitaa. Nyuzi ziko vile vile, re la re sol la do.

Leo, kabla ya adhuhuri: andika barua ya wale watatu.