Kwa Kayitesi, Uliyefia kwenye Lango la Tamasha

Mwaka umetimia sasa, Kayitesi, tangu ulipotoka nyumbani kwako Bugomora ukiwa umevaa gauni la kitenge ulilolishona mwenyewe, ukamwambia mumeo Muhangi asikuwekee chakula kwa kuwa ungekula huko huko. Hukula, na hukurudi.

Tunakuandikia wewe. Wengine wakisoma, na wasome. Tumelibandika tangazo hili kwenye mbao za matangazo za vigango vya kanisa kuanzia kwetu Igurwa hadi kwenu Bugomora ili wasome. Lilikuwa karibu kukamilika tangu juma lililopita. Kilichotuchelewesha ni jina moja la kuweka chini, pale wanapotajwa ndugu wanaokukumbuka. Ni jina la Anastazi, mdogo wako, mtoto wa baba mdogo Melkiory. Nyumba nzima ilikaa ikabishana: liwepo au lisiwepo. Tutafika huko.

Kwanza wewe.

Ulikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusimulia, hata msikilizaji akacheka asichokijua. Ulipomenya ndizi uliimba, na ulipoimba kisu kilikwenda polepole, chakula kikachelewa, na hakuna aliyelalamika. Ulipenda ukoko kuliko chakula chenyewe. Uliugombania sufuriani na binti yako Uwiduhaye kama mtoto mwenzake, na mara nyingi ulishinda.

Kazi yako ilikuwa kitalu cha miche ya kahawa. Nusu ya mashamba mapya ya kando ya ile barabara ya Bugomora yalianzia kwenye viriba vyako, ile mifuko ya kuoteshea miche. Mtu aliyerudi kulalamika kwamba mche umekufa, ulimtazama, ukampa mwingine bure, ukamwambia, "Huu nao ukiunyima maji, usinilaumu mimi. Lilaumu jua, lenyewe halina masikio." Aliondoka akicheka, na huo wa pili aliumwagilia.

Uliolewa kwa Wanyambo, nasi asili yetu ni Rwanda. Kwetu tunasalimiana kwa kukumbatiana, mikono mabegani, tukiulizana habari za wote hadi za ndama. Kwa wakwe zako mwanamke humpigia mkwewe magoti. Siku ya kwanza uliingia uani kwao mikono imetanuliwa, na mama mkwe wako, Mama Kyomukama, akasimama wima kama nguzo ya zizi, hajui mikono yake aipeleke wapi. Mlicheka habari hiyo miaka yote. Lakini ulijifunza, na ulipojifunza ulizidi wenyeji. Ulipiga magoti uani, njiani, kwenye tope la masika, hata na ndoo ya maji kichwani.

"Inuka, mwanangu, utachafua gauni," alikuwa akikuambia.

"Gauni linafuliwa, mama."

Hayo ndiyo mapenzi yenu, na ndiyo ambayo watu wasio na haya wameyafanya kisingizio.

Waimbaji wakubwa huishia Bukoba. Sisi huku hutufikia sauti zao tu, redioni. Basi ilipotangazwa kwamba yule uliyempenda tangu shuleni atakuja mwenyewe, kwa miguu yake, uwanjani kwetu, ulimpigia simu mama yako Mukantabana ukamwimbia wimbo mzima. Akakuambia, "Una miaka mingapi wewe?" Ukamjibu, "Leo, mama, kumi na sita." Hatuna neno na mwimbaji. Hatuna neno na ngoma. Mtu anayeinamia viriba mwaka mzima ana haki ya alasiri moja ya kucheza.

Walikuja watu kutoka Rugera, Igurwa, Bugomora na huko nyuma ya vilima, kwa malori ya ndizi, kwa bodaboda, kwa miguu. Waandaaji walijua watakuja. Ndiyo faida waliyoipigia hesabu.

Uwanja ule una malango mawili. Lango kubwa, la upande wa barabara, lilitiwa mnyororo na kufuli, eti wasio na tiketi wasije wakapenya. Likabaki lango dogo, kule kwenye mteremko. Hilo hilo la kuingia. Hilo hilo la kutoka. Hilo hilo la wauza soda na kreti zao. Hata mwenye ng'ombe wawili tu hawezi kujenga zizi la namna hiyo, na akilijenga majirani watamcheka.

Tamasha lilifunguliwa na kikundi cha ngoma cha kina mama wa Bugomora, na mpigaji wao ni Mama Kyomukama. Walipomaliza waliambiwa wapishe haraka, waondoke uwanjani kabisa. Hakuna aliyewapa kiti wala maji. Wakaelekea lango dogo na ngoma zao. Wakati huo huo kipaza sauti kikatangaza kwamba gari la mwimbaji linakaribia. Waliokuwa nje wakasikia, wakasukumana kuingia. Walinzi wa lango nao wakasikia, wakakimbilia gari.

Mkakutana pale, wewe ukiingia, mama mkwe wako akitoka, ngoma mgongoni. Ungeweza kumpungia mkono ukapita. Hukuwa mtu wa kupita. Ulipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, inuka, watu wana..."

Hakumaliza. Watu walimchukua kama maji yanavyochukua jani, naye anakumbuka mkono wako ukishika pindo la vazi lake, kisha ukiliachia.

Waliokuwa ndani walikwenda kulipiga lango kubwa kwa mawe, wakilia wafunguliwe, wapate pa kutokea ili lango dogo lipumue. Ufunguo haukuwepo. Mkuu wa waandaaji alikuwa ameondoka nao mfukoni kwenda kumlaki mgeni. Aliyelifunga lango kwa amri yake, kisha akamkabidhi ufunguo huo, ni Anastazi. Hatukuambiwa na mbea. Alituambia mwenyewe kaburini kwako, udongo bado mbichi, akilia hadi Muhangi akamshika asianguke.

Juma lililofuata tukamsikia redioni. "Malango yote yalikuwa wazi," alisema. "Tatizo ni sisi wananchi, hatuna ustaarabu wa kupanga foleni. Na yule dada alipiga magoti mwenyewe mlangoni."

Yule dada. Wewe uliyembeba mgongoni hadi zahanati alipougua malaria, mvua ikinyesha, ukiimba ili asilale. Sasa umekuwa yule dada.

Maneno yale yakatembea. Yakafika sokoni, yakafika kisimani, yakageuka njiani: kwamba Mama Kyomukama ndiye aliyekudai magoti, kwamba majivuno ya mkwe yamemuua mkazamwana. Mama mkwe wako ameacha kupiga ngoma. Ngoma imegeuzwa kinywa chini jikoni, kuku wanalala juu yake. Wasichana wakija kumsalimu kwa magoti anaingia ndani.

Kwa hiyo tunasema hapa, mbele ya kila anayejua kusoma: magoti hayakumuua Kayitesi. Mahali palipoitwa maelfu ya watu, lazima mtu aweze kupiga magoti akainuka. Aweze kufunga kamba ya kiatu. Aweze kuokota kitambaa cha mtoto, aweze hata kuzimia, akaokotwa mzima. Kama uwanja wenu, enyi waandaaji, haumvumilii mtu aliyeinama kumwamkia mama yake, basi si uwanja, ni mtego, nanyi mliuza tiketi za mtego. Mnazungumza ustaarabu? Mstaarabu kuliko wote pale alikuwa chini ya miguu yenu.

Mwaka huu tamasha linarudi. Matangazo yamebandikwa hadi kwenye mlango wa mashine ya kukoboa kahawa. Waandaaji walimtembelea mama yako, watu watatu wenye fulana za aina moja, wakiomba picha yako waiweke kwenye bango na watu wasimame dakika moja kimya kwa heshima yako. Kimya. Sisi tumeombwa kimya mwaka mzima, na wao wanakitaka tena, mara hii kwa kipaza sauti.

Mukantabana aliwapa viti, akawapa chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kisha akawauliza jambo moja.

"Lango kubwa litafunguliwa?"

Mmoja akasema hilo linashughulikiwa. Mwingine akasema liko ngazi za juu.

"Picha ya mwanangu iko ngazi ya ukutani," mama yako akawaambia. "Itabaki hapo hapo. Malizeni chai."

Ijumaa akaja Anastazi. Mama yako alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka, na hakuacha kugeuza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Kaa hapo, usikanyage kahawa."

"Nasikia dada anaandikiwa kumbukumbu. Mimi nami ni wa nyumba hii."

"Nani amekutoa?"

"Basi jina langu liwepo. Watu wakilikosa, watasema."

"Watasema nini?"

Mama akageuza kahawa mkeka mzima, akaanza upya.

"Anastazi, nisikilize. Keshokutwa ni Jumapili. Baada ya matangazo kanisani, simama. Sema uliyotuambia kaburini. Lango lilifungwa, na nani aliamuru lifungwe. Mimi nilikulisha, sitaki ufungwe wewe peke yako kwa makosa ya mkubwa, nitasimama kando yako. Ukisema hayo, jina lako nitawaambia waliweke juu ya langu."

"Mama mkubwa, wamenipa tena kazi ya malango mwaka huu. Nikisema hayo, nimeikosa."

Hapo ndipo mama yako alipoacha kugeuza kahawa.

"Kumbe ufunguo utakuwa nao."

"Nitakuwa nao asubuhi. Mkubwa akiutaka, nampa."

"Na akisema funga?"

Alitazama viatu vyake. "Mama, mimi ni mtu wa kuagizwa tu."

"Hata Kayitesi alikuwa mtu wa kuagizwa," mama akasema. "Tulimwagiza awe na adabu."

Jumapili alikuja. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, hata tukaanza kutumaini. Katekista Methodius alisoma matangazo ya ndoa, ya jumuiya, ya usafi wa kanisa, kisha akakunja karatasi akauliza kama kuna mwenye neno. Mama yako aligeuka nyuma. Mama Kyomukama, aliyekuwa hajatoka nyumbani kwake kwa muda mrefu, aliyekuwa amepanda bodaboda kutoka Bugomora kuja kusikia sentensi mbili tu za kumtua mzigo, naye aligeuka nyuma. Anastazi alisimama. Akavuta pumzi. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," tukaitikia, naye akatoka nje.

Muhangi alitaka kumfuata. Mama Kyomukama akamshika mkono.

"Kaa. Alichokuja nacho ameondoka nacho."

Kisha akasimama yeye, bibi asiyezoea Kiswahili cha mbele za watu, akasema, "Mimi ndiye mkwe. Aliniamkia. Nilimwambia inuka, ila hapakuwa na mahali pa kuinukia. Lango kubwa lilikuwa na mnyororo, niliuona kwa macho yangu." Akakaa. Kanisa zima lilinyamaza, na kimya hicho, Kayitesi, hakuna aliyekiomba.

Nanyi wengine mtakaokwenda tamashani mwaka huu, hatuwakatazi. Kabla hamjaingia, zungukeni hadi upande wa barabara mlitazame lango kubwa. Mkiona mnyororo, rudini nyumbani na watoto wenu.

Wanaokukumbuka ni Mama Kyomukama, mkwe wako, tuliyemtanguliza sisi wenyewe kinyume cha desturi, mama yako mzazi, Mukantabana, mumeo Muhangi, binti yako Uwiduhaye, ndugu zako Hirwa na Fidele wa Igurwa, baba mdogo Melkiory, aliyeandikwa kwa ridhaa yake baada ya kuambiwa kwamba mwanawe hatakuwepo, wanakwaya wenzako, na wote wanaovuna kahawa ya miche yako.

Anastazi hayumo.

Wewe umo mioyoni mwetu, Kayitesi, na utakuwemo siku zote tutakazopewa.