Sala ya Vumilia kwenye kompyuta ya darasa

Mageni, kinyaa kimenishika! Wamesoma sala ya Vumilia darasani. Kwa sauti!

Unakumbuka alimpa Altaf, fundi kompyuta wa mtaa wa Kambarage, kompyuta yake ya nyumbani ainakili diski nzima, isije ikafa na vitu vyake? Altaf kaimwaga nakala hiyohiyo kwenye kompyuta mpya alizouzia darasa letu la jioni. Eti kuweka Windows upya kunachosha!

Leo mwalimu kafungua faili moja, akasoma: "Bwana, mrudishe mume wangu Luka kutoka kwa yule mwanamke wa Geita." Wakacheka. Sala, Mageni! Wakacheka!

Mimi na Vumilia tukamwendea Altaf. "Mama, si ulitaka isipotee?" Hana haya!

Vumilia akamuuliza kompyuta nyingine yenye nakala hiyo kaiuza wapi.

"Geita, ofisini kwa Luka. Kaja kuichukua mwenyewe."

Vumilia hakulia. Akasema tu, "Basi ameshaisoma."