Kisima Kinanuka Petroli

Kiswere

Kwa mama yangu, kijijini Likawage.

Shikamoo mama. Unisamehe kwa kukaa kimya tangu mlipovuna mtama. Si kwamba nilikusahau. Kila nilipokamata kalamu niliona nina habari mbaya tu, nikasema ngoja ziwe nzuri kidogo ndipo niandike. Hazijawa nzuri. Sasa naogopa utazisikia kwa wapita njia, nao wataongeza za kwao. Kaka Athumani, wewe unayemsomea mama, nakuamkia pia. Soma polepole, na usiruke mahali kwa kumhurumia. Nataka asikie yote.

Mguu wako unaendeleaje, mama? Bado unaukanda kwa maji ya moto? Na nguruwe, mwaka huu wamewaachia muhogo? Sisi huku roho zipo. Mjukuu wako Zuhura ameanza kutembea kwa kushika ukuta, akianguka anacheka peke yake. Habari njema ni hiyo, nimeitanguliza.

Unajua kwamba mume wangu Bakari alikuwa akiangalia mashine kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi. Yule bwana wa shamba alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya, alimwachia boti yake ya mashine. Ilikuwa imelala bandani juu ya magogo muda mrefu, mpaka kuku wanatagia ndani. Bakari alifurahi kama mtu aliyeoa mara ya pili. Akasema tuhamie Kiswere, masika barabara ikikatika tutachukua watu na mizigo mpaka Lindi. Mimi nami nilifurahi, sikukataa.

Boti ina matangi mawili, na yote yalikuwa na petroli ya tangu enzi hizo. Petroli mpya inawasha pua. Hii ilikuwa na rangi ya chai kavu, nzito, inanuka kama vanishi iliyochacha. Bakari akaichuja kwa kipande cha kanga yangu, akaiacha itulie, maji na kutu vikazama chini. Akasema, "Sasa safi." Tukatoka nayo. Hatujafika mbali, mashine ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza. Tukarudi kwa kupiga kasia, vijana wa hapa wamejipanga ufukweni wanatuimbia. Alipoifungua mashine akakuta utando kama ulimbo wa kunasia ndege umeziba vijitundu vyote. Ndipo akaamua kulimwaga tangi la kwanza lote.

Hapo ndipo tulipoharibu. Huko kwetu kitu kibaya tunakizika. Mzoga, dawa ya panya iliyobaki, nguo za aliyekufa kwa ndui, vyote tunachimbia shimo na udongo unameza. Kumwaga baharini hatukutaka, maana wanawake hapa wanatafuta pweza na chaza maji yakitoka. Kuiweka nyumbani hatukuweza, kuna mtoto na kuna moto. Basi tukachimba shimo mchangani nyuma ya minazi, mchana kweupe, tukamwaga debe baada ya debe, tukafukia. Bakari akapangusa mikono akasema, "Tumefanya kistaarabu." Nami nilishangaa mchanga ule unavyokunywa.

Hatukujua, mama. Huku maji matamu yamo ndani ya mchanga huohuo, yanatembea taratibu kwenda baharini, na kisima cha mtaa mzima kiko chini kidogo ya pale tulipochimba. Mchanga haumezi. Unapitisha.

Baada ya siku chache alikuja Bi Somoe, mama mmoja mtu mzima anayekitunza kisima hicho. Alisimama mlangoni na kata ya maji mkononi, hata hodi hakupiga.

"Onja," akaniambia.

"Nini hiki, Bi?"

"Onja kwanza. Ndiyo chai yenu."

Nikaonja, ulimi ukafa ganzi. Akauliza, "Mmemwaga wapi?" Nikampeleka. Alipoona mahali penyewe alikaa chini mchangani akashika kichwa. "Mtoto wa bara wewe, mbona hukuuliza? Hapa hata choo tunauliza pa kuchimba!"

Sasa nikipita wananitania, na utani wenyewe una meno. Mmoja anasema, "Jamani msiwashe kiberiti karibu na mume wangu, amekunywa maji ya Kiswere!" Mwingine anasema, "Mke wa motaboti, leo umetutilia galoni ngapi?" Wanacheka, halafu hawacheki tena, maana wananyanyua ndoo kwenda kisima kingine nyuma ya mikoko, kidogo, cha maji ya chumvichumvi, na njia yake ina matope.

Jumbe, mkuu wa kijiji hiki, akatuita barazani kwake. Mtu mmoja akasema, "Wapakiwe kwenye boti yao wasukumwe." Nilidhani Bi Somoe ndiye atakayetumaliza, kumbe sivyo. Akasema, "Wakiondoka, uchafu wao atauzoa nani? Wakae wauzoe." Jumbe akakubaliana naye. Tutakisafisha kisima mpaka Bi Somoe mwenyewe aonje na ameze. Lakini mvua kubwa zikitukuta kabla hatujautoa mchanga wote mbaya, zitaisukuma petroli iliyobaki iingie kisimani, na jumbe amesema hapo hatatutetea tena.

Basi ndiyo kazi yetu. Tunauchimba mchanga ule, tunaubeba kwa vikapu mpaka juu ya mawe ya matumbawe, tunauanika kama mtama ili jua liitoe ile harufu. Kisha tunakikomba kisima mpaka chini. Maji yakirudi yana rangi juu kama shingo ya njiwa, tunakomba tena. Tangi la pili bado limejaa. Boti tumeitia nanga mbali na watu. Mchoma chokaa mmoja amekubali kuichukua petroli hiyo kidogo kidogo, alowanishie makumbi ya nazi kabla hajawasha tanuri, lakini tanuri haliwashwi kila siku.

Bakari kifua kimemshika. Alikuwa akiivuta petroli kwa mdomo kwenye mrija wa mpira ili itiririke, ikampalia. Anachimba, anakaa, anakohoa, anachimba. Usimlaani, mama, shimo tulichimba wote. Lakini kazi nyingi imeniangukia mimi, na juu yake nawachotea maji wazee wasioweza ile njia ya mikoko. Zuhura namfunga mgongoni juani kutwa. Na maziwa yangu yanakauka. Ananyonya, anaachia, ananitazama kama nimemficha kitu. Uji nampikia kwa maji ya chumvichumvi, tumbo linamwendesha. Juzi alianguka pale ukutani, hakucheka.

Najua utasema, rudi nyumbani. Sirudi. Nikirudi, hawa watakunywa nini, na mimi nitayamezaje maji ya kwako? Mvua hazijaanza, bado nina mikono. Lakini siwezi kukiponya kisima na mtoto pamoja. Nimepima kila upande nimeshindwa. Kaka Athumani aje amchukue Zuhura, akae kwako mpaka maji yapone. Hajafikisha umri wa kuachishwa ziwa, na shangazi zangu nawajua watakavyosema. Waseme. Uwaambie mimi ndiye niliyeomba.

Msalimie bibi mzaa baba, umwambie mikono anayonisifia sasa ina malengelenge. Msalimie shangazi Mwajuma mfinyanzi, na mjomba Selemani mganga wa mifugo, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifunza herufi, zimenifaa leo. Kaka, mpe pole wifi kwa kukuazima kwetu. Barua hii nampa dereva wa lori la chumvi, ataiacha Nangurukuru kwa mtu wa kwenu.

Kaka akija alete jembe moja la mpini mrefu, letu limevunjika. Alete kamba ya kisimani iliyo imara, na vikapu vya kubebea, vya ukindu, vile vigumu. Vibuyu vikubwa viwili vya maji, ambavyo havijawahi kutiwa mafuta ya aina yoyote. Unga wa mtama wa uji wa njiani wa Zuhura. Asali kidogo ya kifua cha Bakari. Na wewe mama unipe kanga yako moja, ile unayolalia, usiifue. Mtoto hajakujua. Kaka atakaa hapa siku mbili tatu apumzike, nami nitalala na Zuhura ndani ya kanga hiyo, ili akifika mikononi mwako asione ugeni.

Mwanao,
Hadija