Geji Mbili za Lori la Baba

Jumamosi, 7 Juni

Lori limelala. Ni Sabato, na Baba hataki hata boneti liguswe. Ameenda kanisani na funguo mfukoni. Mimi nimekaa uani na boksi la geji mapajani. Siwezi kufanya lolote mpaka jua lizame, na likizama ni giza. Siku nzima imepotea hivi hivi.

Geji mbili. Moja ya presha ya oili, moja ya presha ya dizeli. Nimezitoa ng'ambo ya mpaka, Isebania, kwa sababu duka langu hapa Sirari ni la spea za pikipiki. Baba anadhani ni za mteja. Sijamwambia bado.

Jumatatu alfajiri anakwenda Machochwe kupakia mahindi. Nina kesho tu.

Jumapili, 8 Juni

Nimechoka na nina hasira.

Nimeanza na ya oili. Nimetoa swichi ya taa ya oili ubavuni mwa injini, mahali pake niweke ti ya shaba, kiungo cha njia tatu, upande mmoja irudi swichi na upande mwingine ikae sensa ya geji. Ti haikuingia. Meno yake si ya injini hii. Na yule muuzaji aliniapia: "Hii inaingia fiti kabisa, sista, wacha stress." Fiti ya nyumbani kwao. Nimevuka tena mpaka, nikabadilisha, nikarudi mchana umeisha. Ti ya pili ilicheza kidogo. Nikaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, tena nyingi, ikakaza.

Ya dizeli nimeiweka kati ya filta na pampu. Hiyo angalau haikunisumbua.

Baba akatoka kuangalia. Alisimama mikono nyuma, akauliza nimeona ugonjwa gani kwenye gari lake. Nikasema hakuna ugonjwa, ni kinga. Akasema ameendesha malori tangu sijazaliwa, na injini anaisikia.

Anaisikia. Mama alikuwa anapepeta ulezi pale pale, naye akainamisha kichwa zaidi.

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya kabisa.

Lori halikuwaka. Baba ameshavaa koti, utingo ameshapanda, mimi nimesimama pembeni na mkono kinywani. Akapiga stata mpaka betri ikachoka. Hewa imeingia kwenye dizeli. Kwenye bomba la dizeli nilirudisha pete ya washa ya zamani iliyobonyea badala ya kuweka mpya. Uvivu wangu. Nimebadilisha, nimetoa hewa kwa pampu ya mkono mpaka kiganja kikachubuka, tukaazima betri kwa jirani. Lilipowaka, mwenye mahindi alikuwa ameshaita lori lingine.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kisha aibu ya pili. Injini inanguruma, geji ya dizeli inasoma vizuri, ya oili imelala kwenye sifuri. Nimegonga kioo. Sifuri. Baba alicheka mpaka akashika mlango. "Gati, kwa geji yako hili gari limeshakufa. Mbona bado linanguruma?" Akachukua taulo lake la jasho akalitundika juu ya geji zote mbili. Utingo naye anacheka. Ningemrushia spana.

Jioni kaka yangu Marwa kapiga simu kutoka Mwanza. Hii ni injini ya pili, na yeye ndiye aliyeinunua. Amerudia yale yale: hii nayo ikifa, lori linauzwa, mzee apumzike nyumbani. Simlaumu. Lakini Marwa hakuwepo ile miezi tuliyosubiri injini. Hakumwona Baba akitoka kila asubuhi, akipanda kwenye lori lisilo na injini, akikaa ameshika usukani.

Jumanne, 10 Juni

Niandike hapa, maana katika nyumba hii hakuna anayelitamka. Baba hasikii.

Anasema watu wa siku hizi wananong'ona. Anasema redio zinatengenezwa ovyo. Ukimwambia jambo anajibu, "Ndiyo, ndiyo," na anaendelea na lake. Mama akitaka kumwita anamtuma mtu akamguse bega. Tumezoea. Tunajifanya hatuoni.

Injini ya kwanza ilikufa hivyo. Mwaka jana, njia ya kutoka Machochwe, amepakia, yuko peke yake, utingo ana homa. Oili iliisha, injini ikaanza kugonga. Watu waliisikia tangu mashambani. Wakatoka mpaka barabarani, wakampungia mikono asimame. Baba akawapungia. Wengine wakapiga kelele, mzee, gari linalia! Akawapungia tena, anatabasamu. Akaenda hivyo mpaka injini ikakamata, isizunguke tena. Dereva mmoja alinisimulia akicheka hadi machozi. Mimi sikucheka.

Taa ya oili ilikuwa imeungua zamani. Hakuibadilisha. Ya nini, na anasikia?

Kwa hiyo geji. Macho yake ni mazima, anasoma Biblia bila miwani. Masikio siwezi kumpa. Sindano ya geji naweza. Lakini nitamwambiaje kwamba ndiyo sababu? Nimeshindwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimelipata! Ni ile tepu. Sensa inapata hasi ya betri kupitia chuma cha injini, na mimi nimeifunga kwa tepu kama kidonda. Umeme utapita wapi? Nimetoa tepu yote, nimekaza shaba kwa chuma, kwa nguvu zangu zote. Nikawasha. Sindano ikapanda ikasimama. Nilipiga kelele peke yangu.

Nikamwita Baba aone. Aliangalia injini. Aliangalia tairi. Geji hakuziangalia kabisa, akarudisha taulo lake.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia ataiua na injini hii. Nilisema kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi baba yake. Mama alitoka jikoni. Baba akasema taratibu, "Usinichunge, Gati. Mimi si ng'ombe."

Sijala. Nina hasira naye na nina hasira na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Kaenda Machochwe. Nilimgusa bega nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Taulo juu ya geji. Utingo hakwenda, mtoto wake anaumwa. Yuko peke yake tena. Sikufanya kazi ya maana dukani.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi simu, namba nisiyoijua. Mama mmoja mwenye duka Busawe. "Kuna mzee hapa amesimamisha lori. Anasema nikwambie sindano ya oili imelala. Anasema utaelewa."

Nikafunga duka. Nimebeba galoni ya oili, spana, na ile swichi ya zamani. Lifti mpaka Tarime, kisha bodaboda na vumbi mpaka Busawe. Njia nzima nilikuwa nahesabu jua, maana likizama akiwa kule ni Sabato, na Baba hatakubali hata nati moja ikazwe.

Nikaingia chini ya lori. Ti imepasuka. Ti yangu. Sensa ni nzito, barabara ni mashimo matupu, shaba ikachoka ikakatika, oili ikamwagika barabarani. Kwa hiyo ningeua injini kwa mikono yangu, mimi niliyempigia kelele Baba. Nilitamani nibaki kule chini.

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Imebaki kidogo sana nchani, lakini ipo. Aliizima mapema.

Nilipanda kwenye kiti kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Taulo la Baba lilikuwa pale, limekunjwa vizuri, liko mbali na geji. Sijui alilitoa lini.

Nilimwambia ti ni kosa langu. Nilirudia kwa sauti kubwa, watu wa duka wakageuka. Aliinua mkono kuninyamazisha. Akasema, "Sikusikia kitu, Gati. Kimya kabisa. Sindano ikalala, nikazima." Akatazama mashamba. "Ningeendelea kwenda."

Nimeziba tundu kwa swichi ya zamani, nikamimina oili, tukaondoka polepole na mahindi yetu. Bila sensa, geji ya oili haikuwa na kazi tena. Kila mlima Baba alikuwa ananitazama usoni, nami naitikia kwa kichwa kwamba inaunguruma sawa. Tumefika uani jua likiwa juu ya paa la jirani. Alishuka, akaoga, akavaa shati la ibada.

Jumapili, 15 Juni

Nilipoamka boneti lilikuwa limeshafunguliwa. Baba amepanga spana juu ya gunia, anasubiri.

Safari hii sensa sikuining'iniza kwenye injini. Nimevuta bomba la mpira la kupitishia oili kutoka kwenye tundu, nikaifunga sensa mwishoni mwake kwenye fremu ambako haitikisiki, na waya wake wa hasi. Baba alishika tochi. Mara moja aliniambia klipu imekaa upande, na kweli ilikuwa upande. Nikairekebisha. Imenichukua asubuhi yote na sikutukana hata mara moja.

Marwa alipiga. Nikamwambia injini ni nzima, na aliyeizima ni Baba mwenyewe. Akauliza kama mahindi yamefika. Nikasema yamefika. Habari ya kuuza hakuigusa.

Mchana Baba alikaa kwenye usukani akaniita. Anasema geji ya oili nimeiweka pabaya, usukani unaificha akikata kona. Nikaihamishia juu, mbele ya macho yake. Akawasha. Tukakaa wote wawili tunaitazama sindano, yeye kiganja chake juu ya dashibodi kama anavyofanya siku zote.

Nikamwambia jambo. Nilingoja ile "ndiyo, ndiyo" yake. Badala yake aliinama kwangu, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Sijakusikia, mama. Rudia."

Nilikuwa nimesema chai inapoa. Nikarudia.