Banda la Matikiti Alilonikabidhi Marehemu

Mpendwa Dada Hosiyat, nakusikiliza redioni kila Jumatano nikikanda unga na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakuhitaji, nisaidie, na unisamehe mwandiko, maana niliishia darasa la nane na mwandishi wa barua nyumbani kwetu alikuwa mume wangu Ruzimat, ambaye alifariki Aprili, miaprikoti ilipokuwa inamwaga maua.

Tangu nimzae Davlat, mwanangu wa pekee, kila mwaka majani yakianza kupukutika na siku kufupika kuna kitu kinaniingia, si homa wala si kichwa, ni uzito tu, nalala hadi adhuhuri na bado naamka nimechoka, nywele sichani, watu wakiongea nawasikia kama wako nyuma ya ukuta, halafu Navruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ikifika mwezi wa tatu kinaondoka chenyewe kama kilivyokuja. Ruzimat hakuwa mtu wa maswali. Miaka kumi na tisa iliyopita alinikabidhi ufunguo wa banda la matikiti lililo mwisho wa bustani, ng'ambo ya mfereji, tunakotundika matikiti ya kula wakati wa baridi kwenye nyavu za matete, akaniambia kuanzia leo hii ni kazi yako, kila asubuhi jua likitoka ufungue mlango, unuse tikiti moja moja, kisha ukae kizingitini hadi jua lihame, maana banda lisipopata hewa kila siku yote yanaoza. Nikaamini. Nilienda kwenye ukungu, nilienda kwenye theluji, nikimlaani moyoni, na mwaka jana nilimfokea kabisa kwamba ipo siku nitalichoma moto hilo banda lake, naye akacheka tu akanitilia kipande cha mkate na zabibu kavu kwenye mfuko wa koti kama kawaida yake. Alikuwa na masharti yake mengine pia, kwa mfano tikiti la mwisho haliliwi kabla ya Navruzi, eti banda likibaki tupu linaita panya.

Sasa mwaka huu Davlat alivuna akayatundika, ila wifi yangu Saodat, dada wa marehemu, alisema mjane hazururi bustanini, akae ndani hadi mwaka uishe, akanifungia na mapazia, nami nikakaa. Dada, nilizama. Siku ishirini na mbili sikutoka. Davlat anaishi na mkewe nyumba ya pili tu na sikumwambia neno, akija nasema nimechoka kidogo. Nakiri kwako kwamba zilinijia fikra ambazo sitaziandika hapa.

Siku ya ishirini na tatu nikakumbuka matikiti. Nikaona nimeiozesha kazi ya mwisho ya mikono ya Ruzimat, maana mbegu alizichagua yeye mwenyewe, nikakimbia na kandambili, kichwa wazi, nikafungua mlango huku nimeziba pua. Hakuna hata moja lililooza. Yananing'inia yote, manjano, yananukia kama asali. Nikakaa chini nikalia, na jirani yetu mzee Kuranboy, aliyekuwa anasafisha mfereji, akaniona.

"Shemeji, nani tena kafa?"

"Sijafungua banda siku ishirini na mbili, na hayajaoza!"

"Kwani yaoze kwa nini? Nani anafungua banda kila siku? Mara moja kwa mwezi, basi."

"Ruzimat alisema kila siku. Ninuse, nikae kizingitini."

Mzee akaanza kucheka, halafu akaacha. Akaegemea koleo lake. "Lo, jamaa yule! Miaka yote tulimtania, tukimwambia mkeo analinda matikiti kama askari wa mpakani. Unajua alinijibu nini? 'Nyamaza, Kuranboy. Pale hayalindwi matikiti.'"

Nilibaki pale hadi jua likahama kizingitini. Tangu siku hiyo nimeenda asubuhi kumi na sita mfululizo, nimechana nywele, nimekula supu nikaisikia chumvi, na juzi kunguru aliiba kandambili yangu nikacheka kwa sauti, ndipo Saodat akaniona.

"We Bikajon! Kaka yangu hajamaliza mwaka kaburini, wewe unaota jua kama paka?"

"Nafungua banda, wifi."

"Mzee Kuranboy kasema halihitaji kufunguliwa. Lete ufunguo."

Nikamwambia nitampa Ijumaa. Sasa niambie, Dada, je, nampunja marehemu msiba wake kwa kujisikia nafuu? Na kazi ambayo najua sasa kwamba si kazi, bado itanisaidia? Nitoe ufunguo au nisitoe?

Ni mimi Bikajon, karibu na mji wa Khiva.

* * *

Bikajon ndugu yangu, ufunguo hutoi. Nimeanza na hilo ili upumue, tena Ijumaa iko karibu.

Pole kwa Ruzimat. Pole sana. Ila kuna jambo nitakugombeza. Siku ishirini na mbili gizani, na fikra usizoweza kuziandika, mwanao yuko nyumba ya pili, na unamwambia umechoka kidogo? Usirudie. Leo hii, kabla redio haijazimwa, mwite Davlat umweleze kila kitu, na hizo fikra uzitaje kwa jina. Zikirudi, hata iwe saa ngapi, unagonga mlango wake. Kesho akupeleke kwa daktari wa wilaya. Kinachokujia majani yakipukutika si uvivu wala si kijicho cha mtu. Ni ugonjwa, wengi wanao, na una matibabu. Kizingiti hakizuii dawa, na dawa haizuii kizingiti.

Mumeo hakusomea udaktari, lakini alikutazama vizuri. Alijua unahitaji jua la asubuhi, mwendo kidogo, kitu mfukoni cha kutafuna, na mahali ambapo unasubiriwa. Hukuponywa na uongo wake, mama, ulikuwa unatembea kweli na jua lilikuwa jua kweli. Kwa hiyo itaendelea kukusaidia hata ukijua. Kosa lake moja ni kwamba hakumwambia mtu, akafa na siri, nawe ukabaki na dawa usiyoijua jina. Ndiyo maana nasema Davlat na mkewe wajue, ili siku usipoonekana kizingitini waje kukutoa.

Msiba je? Vaa kitambaa chako cheupe cha msiba, usiende harusini, msomee dua. Hakuna anayekudai giza. Umelia mlangoni pake, umecheka mlangoni pake, yote mawili ni yake.

Na Saodat usigombane naye. Amempoteza kaka, na sijui kama kuna mtu amemuuliza analalaje. Ijumaa akija kuchukua ufunguo, mpe kigoda. Mwambie, "Wifi, nusa hili, mimi pua yangu imeziba." Mwache akae hadi jua lihame. Ukimwona anafuta macho, usiseme kitu, mmegee mkate.

Jambo la mwisho, maana barua yako nimeisoma mara mbili. Ulisema tikiti la mwisho haliliwi kabla ya Navruzi kwa sababu banda tupu linaita panya. Bikajon, ni panya gani anayefuata banda tupu? Alikuwa anakuwekea sababu ya kutoka nje hadi siku ile ambayo uzito wako huondoka. Nenda sasa ukalichague, lililo kubwa kuliko yote, ulifunge uzi mwekundu, na asiliguse mtu. Siku ya Navruzi mlikate, wewe na Saodat.