Mtabiri wa Bwejuu

Dagoni, Kisiwa cha Bwejuu, Mafia

Kaka Sufiani, shikamoo.

Mimi mdogo wako ni mzima, na uzuri umezidi. Hata jua la huku limeshindwa kuuharibu. Simu yako umeizima, kwa hiyo barua hii nampa mvuvi mwenzangu Jumanne aje nayo Tanga.

Wavuvi wa kwetu hapa kambini bado tunaitazama timu yetu ya Coastal bandani, kwenye televisheni ya sola. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipigia simu kutoka uwanjani Mkwakwani? Wewe unaliona goli lenyewe, sisi picha inatufikia imechelewa. Ukinipigia kelele sikioni, mimi nasimama: "Jamani, goli linakuja." Likiingia, wananiita sheikh. Mzee mmoja aliniletea kuku nimtazamie nyota ya mwanawe. Kuku nilimla, mtoto nikamwombea dua, na kweli akaoa.

Juzi goli liliingia, nami nikashtuka kama wengine. Abdulhamidu, jirani yangu wa benchi, akaniuliza, "Sheikh, majini yako yamehama?"

Nikamjibu, "Yamefiwa."

Kaka, tangu tulipomzika shemeji Hamisa hutoki nje, na nasikia hata kula unalazimishwa. Mechi ijayo ni hapo nyumbani. Nenda ukae palepale petu, uwashe simu, unipigie. Goli usinitangazie, wala usiseme neno. Iinue simu tu nisikie watu wa kwetu wanavyopiga kelele, nijue na wewe umo.

Ni mimi nduguyo, sheikh asiye na majini,
Mudrik