Ramani Nyepesi

Tarehe 3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Mama anakusema: eti mtu wa ramani kasahau njia ya nyumbani. Hiyo ramani yenu ya mtandaoni itanitia wazimu. Niko ndani ya gari la wagonjwa, mgonjwa analia, simu inazungusha kiduara tu, mumewe ananiuliza kama nimewahi kuendesha. Ipunguzeni uzito, tafadhali.

Mdogo wako

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini nyote hamjambo; mimi mwili mzima, usingizi haba. Umesema kweli. Simu yako ililazimika kupakua kila pembe ya kila jengo, hata usilolihitaji. Sasa tumeikata ramani vipande, kila kimoja kije kinapotakiwa, na majengo madogo hayaonekani mpaka uvute karibu sana. Inafunguka upesi. Mkuu wangu amefurahi. Mimi sijatulia, wala sijui kwa nini. Huenda ni mazoea yangu tu ya kutilia shaka kinachofanikiwa.

Dada yako

Tarehe 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Ramani sasa ni moto wa kuotea mbali! Lakini jana mjamzito alipiga simu kutoka bondeni, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mpokea simu wetu, ambaye hutazama wilaya nzima kwenye kioo kimoja, akasema, "Huko hakuna watu, ni pori."

"Pori gani, bwana? Kinyozi wangu anakaa huko!"

Nikaenda. Mama huyo na mtoto wake ni salama. Ila wiki ijayo zamu ni ya dereva mgeni, hajui bonde wala kinyozi. Zile nyumba ndogo mmezipeleka wapi? (Usicheke, nasema za kulala watu.)

Mdogo wako

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikucheka. Nilidhani kuficha si kufuta. Kwa anayepajua mahali, ni kweli. Kwa asiyepajua, sioni tofauti. Nimeomba nyumba zilizobanana ziunganishwe ziwe doa moja, lionekane hata kwa mbali. Mkuu akauliza, "Unataka turudi kulekule kwenye uzito?" Pengine ana hoja: kuchelewa nako huua, nami siwezi kuapa lipi ni baya zaidi. Ameniruhusu wilaya yenu tu, kwa majaribio, na ataamua kwa ripoti yenu. Niandikie ukweli, hata ukiniuma.

Dada yako

Tarehe 10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, nami pia. Juzi walipiga tena simu kutoka bondeni. Mpokea simu aliliona doa, akamtuma dereva mgeni bila kubishana. Akamkuta mzee wa pumu. Wakati wa kurudi ramani ikamgandia penye njia panda, akasimama, mzee anahema nyuma yake, yeye anapigapiga simu kwenye usukani. Walifika, lakini kwa shida.

Ukweli ulioutaka ni huo: inachelewa. Mkuu wako akiniuliza, nitamwambia hivyohivyo. Kisha nitamwambia doa asiliondoe.

Mdogo wako